Unauza shampuu ya mbwa? Uliza masikio kabla hujataja bei

 

Leo naongea na nyie mnaouza bidhaa za wanyama wa nyumbani, hasa shampuu za mbwa na yale maji ya kusafishia masikio. Lakini hata kama unauza vipodozi, dawa za mbu au sabuni unazotengeneza mwenyewe, usipite. Jambo lenyewe ni moja: mteja anauliza "bei gani?", wewe unajibu bei, anatuma hela, boda anaondoka. Kwa sahani na vikombe hiyo inatosha. Kwa bidhaa inayoingia kwenye sikio la kiumbe hai haitoshi, na ikienda vibaya anayeumia hana mdomo wa kuja kukulalamikia.

Mimi nina kaduka kadogo hapa Dar, mauzo mengi yanatoka WhatsApp na Instagram. Nimeishia kidato cha nne. Si daktari wa mifugo na sijifanyi. Ninachokijua nimekipata kwa kusoma lebo hadi yale maandishi madogo ya chini kabisa, kwa kuwauliza madaktari wa mifugo ninaowaelekezea wateja, na kwa kuogesha mbwa kwa mikono yangu, wa kwetu nyumbani na wa majirani. Kwa hiyo haya ni ya dukani, ya muuzaji kwa muuzaji.

SIKIO LA MBWA LIKOJE

Anzia hapa, maana ukishaelewa umbo lake, mengine yote yanakuja yenyewe.

Sikio letu sisi, njia yake ni fupi na inaingia karibu moja kwa moja. La mbwa linashuka kwanza kwenda chini, halafu linakata kona kuingia ndani. Fikiria lile bomba lililopinda chini ya sinki la jikoni. Mwisho kabisa wa ile kona ndipo ilipo ngoma ya sikio.

Sasa angalia matokeo yake.

Kwanza, maji yakiingia hayatoki kirahisi. Mle ndani ni giza, kuna joto, na sasa kuna unyevu. Fangasi na bakteria ambao kwa kawaida wapo wachache tu kwenye ngozi ya mbwa mzima wanapata mahali pazuri pa kuzaliana. Kwa hali yetu ya hewa ya pwani, hasa masika, kitu kikilowa kinachelewa kukauka, na sikio nalo ni hivyo hivyo.

Pili, ukiingiza kijiti cha pamba unashindilia uchafu chini kwenye kona badala ya kuutoa. Mbwa akishtuka na kurusha kichwa, kijiti kinaweza kuumiza sikio kwa ndani, hata kutoboa ngoma.

Tatu, na hili ndilo la kwako muuzaji: wewe huwezi kuona mle ndani. Mteja akikutumia picha, hata kama simu yake ni kali namna gani, inaonyesha mlangoni tu. Daktari ana kifaa maalumu chenye taa cha kuchungulia hadi kwenye ngoma. Na kuna sababu ya kuchungulia kabla ya kuweka dawa. Kama ngoma imetoboka, kuna dawa za matone ambazo zikipita pale zinaweza kumharibia mbwa usikivu, au kumfanya ayumbe akitembea. Dawa ileile ambayo kwa mbwa mwingine ingekuwa salama.

Kwa hiyo ukiona mtu anauza matone ya masikio ya mbwa kwa mteja ambaye mbwa wake hajaangaliwa na yeyote, ujue anabahatisha na sikio la mtu mwingine.

MASWALI MATANO KABLA YA BEI

Mimi nimeyaweka kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business. Mteja akiuliza bei ya shampuu au maji ya masikio, yanatoka haya kwanza:

1. Mbwa wako ana umri gani?
Bidhaa nyingi, hasa zenye dawa ya viroboto, lebo inasema zianze umri gani. Mtoto wa mbwa wa wiki chache si wa kumwagia chochote utakachokuta dukani.

2. Masikio yake yamesimama au yamelala? Na anaogelea?
Mbwa wetu wa kienyeji na German Shepherd wengi masikio yamesimama, hewa inapita. Labrador, Beagle, Cocker Spaniel na Rottweiler yamelala, yanafunika tundu kama pazia. Poodle na wale wadogo wa manyoya mengi wengine wana nywele mpaka ndani ya sikio. Wa masikio yaliyolala, au anayepelekwa baharini kila wikiendi, anahitaji kuangaliwa zaidi.

3. Je, masikio yananuka? Mekundu? Anatikisa kichwa sana, anajikuna, au analia ukimgusa? Kuna uchafu wa rangi gani?
Hili ndilo swali kubwa, narudi kwake hapa chini.

4. Nyumbani kuna paka?
Shampuu na dawa nyingine za viroboto za mbwa zina permethrin. Kwa paka hiyo ni sumu, inaweza kumuua. Paka akimlamba mbwa aliyetoka kupakwa, au kulala naye kwenye tambara moja, tayari ni hatari. Mteja akisema ana paka, nasoma lebo upya kabla ya kumpa chochote.

5. Nani atakayemwogesha?
Hili wengi hawaliulizi kabisa. Nitakuambia kwa nini ni muhimu.

Kuna wateja wanaokereka, ni kweli. "Si nimeuliza bei tu?" Najibu kwa upole: "Ni 15,000 bosi, naomba tu nijue haya ili nikupe inayomfaa." Wengi wanajibu. Wengine hata wanafurahi kwamba kuna mtu ameuliza habari za mbwa wao.

SWALI LA TATU NDILO LINALOAMUA KAMA NAUZA AU SIUZI

Sikio zima la mbwa ni la waridi hafifu au la rangi ya ngozi yake, halinuki, na lina nta kidogo tu. Hilo ndilo sikio la maji ya kusafishia. Yale maji kazi yake ni kulegeza nta, kutoa uchafu, na mengine yanasaidia sikio kukauka. Kwa sikio zima.

Dalili hizi hapa ni za daktari, si za dukani kwangu:

Harufu kali, kama kitu kilichochacha au kilichooza.
Wekundu, uvimbe, au sikio moto kuliko la upande wa pili.
Usaha wa njano au kijani, au damu.
Uchafu mweusi mkavu kama machicha ya kahawa. Mara nyingi huo ni utitiri wa masikio, na utitiri unahama kwenda kwa mbwa na paka wengine wa nyumba hiyo.
Kichwa kimeinama upande mmoja, au anayumba.
Analia au anataka kung'ata ukigusa kitako cha sikio.
Alikuwa mzima, ametoka kukimbia majanini, ghafla anatikisa kichwa kama mwehu. Hapo mbegu ya nyasi inaweza kuwa imeingia.

Mteja akitaja mojawapo, simuuzii maji ya masikio. Namwambia ampeleke mbwa kwa daktari wa mifugo, nampa namba za wawili walio karibu na anapokaa. Sichukui kamisheni kwa hao madaktari, na nakushauri usichukue. Ukianza kulipwa kwa kila mteja unayempeleka, siku moja utajikuta unampeleka ambaye hakuhitaji.

Nikupe mfano wa mwaka jana.

Mama mmoja wa Kigamboni alitaka chupa mbili za shampuu. German Shepherd wake wa ulinzi ananuka hadi sebuleni, wanamwogesha kila wiki na harufu iko palepale. Nikamuuliza, "Mama, harufu inatoka mwilini au kichwani?" Akaenda kunusa, akarudi: kichwani. Nikaomba video. Kwenye ile video fupi mbwa alitikisa kichwa mara nne, na sikio la kushoto alikuwa amelishusha.

Nikamwambia, "Mama, shampuu haitamaliza hii. Na maji ya masikio naomba nisikuuzie. Hilo sikio linahitaji kuangaliwa."

Akanijibu kwa sauti, "Mwanangu, wewe hutaki hela?"

Nilimwandikia tena namba za daktari. Akanyamaza. Baadaye nilijua kwamba alinunua "dawa ya masikio" kwa muuzaji mwingine wa mtandaoni, kachupa kasiko na lebo, kwa bei chini ya shampuu yangu moja. Siku ya sita akanitumia picha. Ule ubao wa sikio, yaani lile jani lenyewe la nje, ulikuwa umevimba kama mto. Mbwa alikuwa ametikisa kichwa na kujikuna mpaka mishipa midogo ya damu ikapasuka ndani ya sikio, damu ikajaa kati ya ngozi na gegedu. Hiyo haiishi kwa chupa yoyote. Alienda kwa daktari, wakamlaza mbwa kwa dawa, wakapasua na kushona, halafu ndipo wakatibu ule ugonjwa wa ndani ulioanzisha yote.

Mbwa yupo, amepona, anabweka vizuri tu. Lakini lile sikio halikusimama tena, limejikunja kama karatasi iliyofinyangwa. Yule mama ni mteja wangu mpaka leo, na gharama ile anaikumbuka, ila anachosema kila mara ni lile sikio, kwa sababu analiona kila anapofungua geti.

Faida yangu kwenye chupa moja ya maji ya masikio ni kama 4,000. Hiyo ndiyo hela niliyoikataa siku ile.

NAMNA YA KUOGESHA: MAELEZO NINAYOTUMA NA KILA CHUPA

Shampuu ikiwa nzuri na ikatumika vibaya, lawama ni zako. Kwa hiyo mimi sitoi chupa bila maelezo. Chukua haya, yabadilishe uyaweke kwa lugha yako.

Chana kwanza. Manyoya yaliyosokotana yakilowa yanakaza zaidi, na sabuni inabaki mle. Wakati unachana, tafuta kupe nyuma ya masikio, shingoni na katikati ya vidole.

Weka kipande cha pamba mlangoni mwa kila sikio. Kikubwa cha kutosha kisizame, na kisisukumwe ndani. Akitikisa kikadondoka, rudisha. Na mwisho wa kuoga LAZIMA kitolewe. Pamba mbichi ikisahaulika sikioni inageuka kuwa tatizo lilelile tulilotaka kulizuia.

Maji ya uvuguvugu, yasiunguze. Jua la mchana likiwa kali, maji yaliyokaa kwenye bomba juani yanaweza kuchoma, yajaribu kwa mkono wako kwanza.

Lowesha kuanzia shingoni kurudi nyuma. Kama ana viroboto, anza kwa kuzungushia povu shingoni, maana mwili ukilowa wanakimbilia kichwani.

Zimua shampuu kwenye kopo la maji kabla ya kumpaka. Inasambaa vizuri, haibaki bonge sehemu moja, na chupa inadumu. Ndiyo, najua ikidumu mteja anachelewa kurudi kununua. Mwambie hivyo hivyo.

Kama ni shampuu yenye dawa, ikae mwilini muda ulioandikwa kwenye lebo. Nyingi ni kama dakika 5 hadi 10. Ukiimwagia maji palepale umelipia dawa ukaimwaga chini.

Kichwani usimwage maji. Tumia kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Futa uso, futa jani la sikio kwa nje, basi.

Suuza. Suuza tena. Hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. Huku kwetu mtu ananunua maji kwa ndoo, kwa hiyo anabana kwenye kusuuza. Sabuni inabaki kwenye ngozi, mbwa anajikuna usiku kucha, asubuhi unapokea ujumbe: "Shampuu yako mbaya." Mimi nasema mapema kabisa: maji ya kusuuza yawe mara mbili ya yale ya kupaka sabuni. Maji yanayodondoka tumboni yakiwa safi, hayana povu, ndipo umemaliza.

Mkaushe kwa taulo, asirudi bandani akiwa ameloa. Mwogeshe asubuhi au mchana, si jioni.

Mara ngapi? Mbwa mwenye ngozi nzima, mara moja kwa mwezi inamtosha, labda awe amejiviringisha kwenye uchafu. Kuoga kila wiki bila sababu kunamaliza mafuta ya asili ya ngozi. Na kama amepakwa dawa ya kupe ile ya matone ya mgongoni, lebo nyingi zinataka asioge kama siku mbili kabla na mbili baada. Muulize mteja, usije ukamuuzia shampuu inayofuta dawa aliyonunua jana.

SASA MASIKIO

Baada ya kuoga, na baada ya kutoa ile pamba:

Shika chupa mkononi kidogo ipate joto la mwili. Maji ya baridi sikioni yanamshtua, na kesho akiona chupa atakimbia.

Inua jani la sikio juu. Jaza maji mlangoni bila kugusisha ncha ya chupa kwenye ngozi. Ikigusa, ifute, la sivyo unabeba uchafu wa sikio la leo kwenda kwenye sikio la mwezi ujao.

Kanda kitako cha sikio, pale chini kwenye shavu, kama nusu dakika. Utasikia mlio kama wa kukanyaga tope. Ndiyo maji yanafanya kazi kwenye ile kona.

Mwachie. Kaa pembeni, atatikisa kichwa, uchafu utapanda juu wenyewe.

Futa kwa pamba au kitambaa laini kilichozungushiwa kidole, pale tu kidole kinapofika. Kidole kinaishia mlangoni, na wewe ishia hapo. Kila sikio na pamba yake.

Mpe kitu anachokipenda.

Kuangalia na kunusa, kila wiki. Kusafisha, pale tu panapohitajika: baada ya kuoga au kuogelea, au ukiona nta imejaa. Sikio safi liache. Linalosafishwa kila siku linawashwa na kuvimba, halafu mtu anadhani ni ugonjwa anazidisha kusafisha.

Na akilia katikati ya kazi, acha palepale. Mbwa mwenye maumivu ya sikio anang'ata hata mwenye nyumba. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende hospitali siku ileile, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Usisubiri uone.

VITU AMBAVYO MIMI SIUZI NA SIMSHAURI MTU

Vijiti vya pamba kwa ajili ya masikio ya mbwa. Nimeeleza.

Spiriti na haidrojeni peroksaidi. Kwenye ngozi iliyochubuka vinachoma na kuzidisha uvimbe.

Shampuu ya watu, sabuni ya unga, sabuni ya vyombo. Ngozi ya mbwa haina asidi kama yetu. Iliyotengenezwa kwa ajili yetu inamkausha na kumwasha.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe. Inauzwa duka la pembejeo, bei poa, na mtu anaweza kukwambia "si inaua kupe?" Inaua, lakini imekolea sana na vipimo vyake ni vya ng'ombe. Ukikosea kipimo kwa mbwa wa kilo 10 unamuua.

Oili chafu na mafuta ya taa kwa ukurutu. Mbwa anajilamba. Kinachopakwa mgongoni kinaishia tumboni.

Na kupima. Najua wengi tunafanya: unanunua dumu la lita 5, unagawa kwenye vichupa vidogo, unabandika stika yenye jina la peji yako. Kwa shampuu ya mbwa nakuomba acha. Ukishaihamisha umepoteza jina la dawa iliyomo, namba ya toleo, tarehe ya kuisha na maelezo ya umri. Siku mbwa akipata shida, daktari anauliza "alipakwa nini?" na mteja anasoma stika yako yenye ua na namba ya simu. Haimsaidii daktari, na inakuonyesha wewe.

CHAGUA MANENO YA TANGAZO

Kuna tofauti kubwa kati ya "inasafisha" na "inatibu". Ukiandika "tiba ya masikio ya mbwa, matokeo siku tatu", umeshaiita dawa. Na dawa za wanyama hapa Tanzania, kama za watu, ziko chini ya TMDA: dawa inasajiliwa na anayeuza anahitaji kibali. Matone yenye antibayotiki si bidhaa ya kuweka status na "inboksi kwa bei".

Andika: "Maji ya kusafishia masikio ya mbwa mwenye afya. Kama yananuka au yanauma, muone daktari kwanza." Unaweza kuogopa kwamba sentensi ya pili itafukuza wateja. Kwangu imefanya kinyume, watu wanaipiga picha na kutumiana.

Video yako nayo ionyeshe kazi vizuri. Usipost mbwa aliyefungwa mdomo kamba anamwagiwa maji kichwani, hata kama inachekesha. Watu wanaiga.

ANAYELIPA SIYE ANAYEOGESHA

Sasa lile swali la tano. Fikiria wateja wako. Anayetuma hela yupo ofisini Posta au yupo safarini. Chupa inapokelewa getini. Anayemshika mbwa ni mlinzi, kijana wa bustani, au dada wa kazi. Lebo imeandikwa Kiingereza, herufi ndogo. Maelezo yote uliyotuma yamebaki kwenye simu ya bosi.

Kwa hiyo mimi nafanya mambo matatu.

Moja: kila chupa inaondoka na karatasi ya Kiswahili, nusu ukurasa, maandishi makubwa, na mchoro wa ile kona ya sikio wenye alama ya mkasi kwenye kijiti. Naitoa fotokopi. Nimeichora mwenyewe, si nzuri lakini inaeleweka.

Mbili: namwomba bosi namba ya anayeogesha, au namtumia yeye ujumbe wa sauti wa dakika mbili aupeleke. Ujumbe wa sauti unafika hata kwa asiyependa kusoma.

Tatu: naongea naye kwa heshima kama mteja. "Shikamoo kaka mkubwa, wewe ndiye unayemwogesha Simba? Anakubali kushikwa masikio?" Mara nyingi huyu ndiye anayejua mbwa kuliko mwenye mbwa. Mlinzi mmoja wa Mbezi aliniambia mbwa amekuwa akilalia upande mmoja wiki nzima, jambo ambalo bosi wake hakulijua. Alikuwa na sikio bovu. Pia wapo ambao kwa dini yao hawapendi kugusa mate ya mbwa na wanaona aibu kusema. Ukiuliza kwa adabu utajua, unamshauri bosi anunue glovu au atafute mtu mwingine, na kazi inafanyika vizuri badala ya mbwa kumwagiwa ndoo moja haraka haraka ili iishe.

CHA KUFANYA LEO

Fungua WhatsApp Business, nenda kwenye majibu ya haraka, andika yale maswali matano. Chini yake weka dalili za kumpeleka daktari.

Tafuta namba mbili za madaktari wa mifugo walio karibu na wateja wako. Wapigie, jitambulishe, waulize wako wazi siku gani.

Kagua chupa ulizonazo dukani: tarehe ya kuisha, kilichomo, umri, na kama kuna onyo la paka. Isiyo na lebo, itoe.

Toa fotokopi ya maelezo, anza na nakala 20.

Kama kuna muuzaji mwenzako unamjua anauza vichupa vya masikio visivyo na lebo, mtumie hii inboksi, usimuaibishe hadharani. Na wewe unayeuza bidhaa nyingine kabisa, niandikie kwenye komenti: ni swali gani moja ambalo mteja wako anapaswa kuulizwa kabla ya kutajiwa bei? Nitayakusanya tuyaweke pamoja wiki ijayo.